Unga Unywe Kwanza

Vipande kumi vya mbao zilizounganishwa kwa gundi vilitolewa kwenye pipa la maji yanayochemka, na vyote kumi vikaachia. Havikuhitaji hata kupelekwa kwenye mashine ya kuvunjia. Msimamizi wa kiwanda alikamata kimoja kwa koleo, akakitikisa mara moja tu, na ubao wa juu ukaanguka sakafuni ukalia ko! Wafanyakazi waliokuwa pembeni wakaanza kuangalia viatu vyao, kama watu waliofika msibani bila kumjua marehemu.

Daktari, mhadhiri aliyeibuni gundi ile, alikuwa amesimama nyuma ya mstari wa manjano uliochorwa sakafuni, mikono kifuani. Kuvuka mstari ule hakuruhusiwa, na kufungua mdomo pia hakuruhusiwa. Ndivyo ulivyoagiza Mfuko wa serikali wa kugeuza utafiti kuwa bidhaa: gundi ichanganywe na mtu ambaye hajawahi kuiona, kwa kufuata karatasi ya maelekezo peke yake, na mwenye gundi akae kimya kama hayupo. Waliiita kanuni ya mkono mgeni. Daktari alipoisoma mara ya kwanza aliicheka. Sasa kicheko kilikuwa kimemkauka.

Mkaguzi wa Mfuko, bwana mrefu wa suti ya kijivu na maneno ya kuhesabika, aliandika kitu kifupi kwenye daftari lake.

"Mmebakiwa na jaribio moja," alisema. "Siku kumi na mbili kutoka leo. Likishindikana, faili linafungwa."

"Maabarani haiachii," Daktari alisema, maana sasa kusema kuliruhusiwa. "Hata mara moja. Miaka mitano sasa."

"Nakuamini. Kila kitu hufanya kazi mikononi mwa mwenyewe, Daktari. Serikali imelipia vitu vya namna hiyo mpaka imechoka. Sasa inataka kinachofanya kazi mikononi mwa watu wengine."

Daktari alikasirika, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba yule bwana alikuwa amesema kweli.

Gundi yenyewe ilikuwa ya mashudu, yale makapi ya alizeti yanayobaki baada ya mafuta kukamuliwa. Ukiyasaga, ukayachanganya na maji, chokaa na magadi kidogo, unapata gundi ya mbao isiyonuka wala kuwasha macho. Daktari hakuianza kwa ajili ya sifa. Baba yake alikuwa seremala, na gundi za madukani zilimkohoza mpaka siku alipoiweka randa chini asiiokote tena. Kaka yake alirithi karakana ileile na, kwa jinsi mambo yalivyokwenda, kikohozi kilekile kilianza kumpigia hodi. Programu ya serikali ya sayansi ililipia utafiti miaka mitano ya kwanza. Makala zilitoka, vyeo vikapanda, picha zikapigwa. Gundi ikabaki maabarani.

Na vitu vilivyobaki maabarani vilikuwa na makao yake. Kwenye korido ya idara kulikuwa na kabati la vioo, ndani yake mna sabuni, taa, dawa ya kunguni na kichujio cha maji, kila kimoja na kibandiko chenye mwaka. Vyote viligunduliwa pale, vyote vilisifiwa, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuuzwa. Wahadhiri waliliita kabati la marehemu. Rafu ya tatu ilikuwa tupu, na Daktari alipita mbele yake kila asubuhi akiikazia macho, maana alijua inamngoja nani.

"Hainipati," alijisemea siku ile aliporudi kutoka kiwandani. Akaipita.

* * *

Wa kwanza kuja na ushauri alikuwa mkuu wa ofisi ya chuo inayotafutia utafiti wateja. Watu walimwita Bwana Soko. Alikuwa mtu wa viatu vilivyochongoka na manukato yanayotangulia mwenyewe mlangoni, na kwa haki yake, alikuwa mchapakazi. Ila alipenda njia za mkato.

"Daktari, hili ni jambo dogo," alisema akikalia pembe ya meza. "Tunamwomba msimamizi amwajiri Mama Birika wako wa maabarani siku mbili. Anavaa ovaroli la kiwanda, anachanganya, gundi inashika, tunakwenda zetu. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Aa, Daktari! Wewe na dhamira yako! Hiyo haiingizi wala haitoi."

"Basi acha dhamira, tuongee biashara yako. Siku ya jaribio atachanganya Mama Birika. Kesho yake kiwanda kitachanganya chenyewe, milango elfu mbili, nayo iachie majumbani mwa watu. Siku hiyo utamvalisha nani ovaroli?"

Bwana Soko aliteremka mezani, akatafuta mlango. Manukato yake yalibaki chumbani baada ya yeye kuondoka.

Huyo Mama Birika alikuwa mhudumu wa maabara. Jina hakulipata kwa uchoyo, maana kusema kweli hakuna mtu aliyekuwa mbali na mkono wa birika kama yeye. Alikuwa na birika la bati kubwa kama ndoo, na ikifika saa nne asubuhi korido nzima ilipata chai, kuanzia profesa mpaka aliyepotea njia. Ndiye pia aliyekuwa akichanganya gundi. Daktari aliianza mwenyewe, lakini ikaja mikutano, zikaja makala, zikaja safari, naye akaandika maelekezo kwenye karatasi moja, akambandikia mama ukutani, akaenda zake kuwa mwanasayansi.

Siku nne mfululizo Daktari alimsaka mchawi. Kwanza aliyashuku maji. Akaleta madumu ya maji ya kiwandani, akampa Mama Birika achanganye. Gundi ikashika. Akaleta chokaa ya kiwandani, akampa Mama Birika. Ikashika. Akaleta mashudu ya kiwandani, kutoka gunia lilelile. Ikashika mpaka mbao zikapasuka zenyewe kabla gundi haijaachia, na hiyo ndiyo alama ya gundi nzuri.

"Daktari, unasumbuka bure," Mama Birika alimwambia akifuta meza. "Gundi haina ubaya."

"Mbona kiwandani imeachia, Mama?"

"Labda hawana mkono."

Daktari alitabasamu kwa adabu. Mkono si kipimo cha kisayansi.

Jumamosi chuo kilikuwa kitupu na Mama Birika alikuwa nyumbani kwake. Daktari alivaa koti jeupe, akapandisha mikono, akasimama mbele ya karatasi yake mwenyewe iliyoanza kuwa ya njano, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita akachanganya gundi kwa mikono yake. Alifuata kila neno. Akapaka vipande kumi, akavibana. Iliyobaki akaitia kwenye kopo, akampelekea kaka yake kabla haijaganda.

Kaka alikuwa akiunga miguu ya kigoda. Alichovya kijiti kwenye kopo, akakiinua, akakitazama.

"Mdogo wangu, leo umeniletea nini? Uji?"

"Ni gundi ileile, Kaka. Acha maneno."

"Si ileile." Alikichovya tena. "Ile ya siku zote ukiinua inateremka kama asali, haikatiki. Ile inashika kuliko ndoa yangu. Hii ina punje, ona. Iguse kwa vidole."

Daktari aliigusa kwa vidole. Punje zilikuwepo.

"Nimechanganya mimi," alisema polepole.

Kaka alicheka mpaka kikohozi kikamkatiza, na Daktari akasubiri kiishe, akiangalia pembeni, maana kikohozi kile alikijua tangu utotoni. Kilipotulia, kaka alifuta macho.

"Kwa hiyo mwenye gundi hawezi gundi yake! Hebu niambie, uliwahi kumwuliza yule mama anachanganyaje?"

"Maelekezo nimemwandikia mimi mwenyewe."

"Sikukuuliza kama umemwandikia."

Jumapili alirudi maabarani, akavichemsha vile vipande. Vyote kumi vikaachia. Alikaa kwenye kigoda akashika tama, na mvuke wa maji ulipomfika usoni hakusogea. Mganga hajigangi, lakini huyu hata dawa yake hakuijua. Zilikuwa zimebaki siku saba.

* * *

Jumatatu asubuhi alichukua daftari, akaenda kukaa pembeni ya meza ya Mama Birika.

"Nipo tu," alisema. "Fanya kazi yako, Mama. Mimi sisemi kitu."

Mama Birika alimtazama kama anayemtazama mgonjwa, akaendelea. Alipima unga wa mashudu. Daktari akaandika. Akapima maji. Daktari akaandika. Akamimina maji juu ya unga, akakoroga mara tatu, nne, akafunika bakuli kwa sahani. Kisha akanawa mikono, akainua birika lake, akatoka.

Daktari aliweka kalamu chini. Ilikuwa saa nne, wakati wa chai, na kazi ilikuwa imesimama. Alisikia sauti ya mama kwenye korido, akimpa mlinzi, akimtania mkutubi, akimgombeza mtu aliyeacha kikombe dirishani. Kikombe chake kililetwa pia. Akakinywa akiwaza kanuni za kemia. Alikuwa amefika nusu ya kikombe alipoliangalia lile bakuli lililofunikwa, akaiangalia saa ya ukutani, akaliangalia tena bakuli. Kisha hakunywa tena.

Mama Birika alirudi baada ya dakika thelathini na tano. Akafunua sahani. Unga ulikuwa umevimba, laini, unang'aa, hauna hata punje moja. Ndipo akatia chokaa.

Daktari aliinuka akaenda ukutani. Mstari wa tatu, kwa mwandiko wake mwenyewe: *Changanya unga na maji, kisha ongeza chokaa mara moja.* Aliusoma mara mbili. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kwenye mstari wa tatu.

"Mama, hapo kwenye unga uliacha kwanza."

"Niliacha nini?"

"Ulitia maji, ukaenda kwenye chai."

"Aa! Unga nao unywe kwanza. Wewe unaweza kuanza kazi hujanywa kitu?"

"Tangu lini unafanya hivyo?"

Mama Birika alifikiri, mwiko mkononi. "Tangu mwaka ule ulipokwenda ng'ambo miezi mitatu. Mimi nafuata karatasi, inatoka punje tupu. Nafuata, punje. Siku moja nikalisahau bakuli nikaenda kugawa chai. Kurudi, nakuta unga umeshiba maji, umelainika. Nikatia chokaa, ikatoka hii. Nikajua, kumbe! Chokaa ikitangulia, unga unafunga mlango, haunywi tena."

Daktari alikumbuka mwaka ule. Nguvu ya gundi iliruka ghafla, karibu mara mbili, naye akaandika makala ndefu kueleza sababu. Kurasa mbili nzima alizitumia kuthibitisha kwamba mvua za msimu ule ziliboresha alizeti. Kuna watu waliozinukuu kurasa zile. Alitamani ardhi ipasuke.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

Mama Birika alirudisha mwiko bakulini. Alikoroga, akaangalia ndani ya bakuli.

"Hukuniuliza, mwanangu. Ulirudi na wageni, ukaipima, ukafurahi, ukawaambia, 'Mnaona? Imetoka kama nilivyoandika.' Ningesimama mbele ya wageni wako nikasema sivyo ulivyoandika?"

Aibu ilimpanda Daktari kutoka miguuni. Miaka sita alikuwa akiandika mwishoni mwa makala zake *tunawashukuru wahudumu wote*, na kila alipoandika alijiona mtu mwema. Angeweza kulia pale pale, lakini siku zilikuwa zimebaki sita, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alivuta kiti chake mwenyewe, kile cha magurudumu, akakileta mbele ya meza.

"Kaa hapa, Mama. Wewe sema, mimi niandike. Kila kitu. Hata unachokiona cha kipuuzi."

"Nikae kwenye kiti chako?"

"Kaa."

Mama Birika alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayeogopa kukichafua. Akaanza polepole, na kadiri alivyosema ndivyo alivyozidi kurudi nyuma, mpaka mgongo ukaegemea. Daktari aliandika: maji yawe ya baridi. Juu ya unga ukiona pakavu usiongeze maji, una kiu tu, utatulia. Kwa dakika thelathini na tano usiguse.

"Hapana," Mama Birika alimkatiza. "Ukimwambia mtu asiguse, atagusa. Mwambie aondoke."

"Aende wapi?"

"Akanywe chai, aende wapi tena? Na pale kiwandani kuna msimamizi, nimesikia ana mbio. Yule naye mwandikie lake."

Bwana Soko alipoisoma karatasi mpya, alishika kichwa.

"Daktari, hii ni hati ya kisayansi! Inakwenda serikalini! Huwezi kumwandikia mtu kwenye hati ya serikali akanywe chai!"

"Ile ya kwanza ilikuwa ya kisayansi," Daktari alisema. "Iliachia kumi kwa kumi. Hii haiguswi hata nukta."

Na hakuambilika. Alimpa karatasi mlinzi wa getini, mtu ambaye hajawahi kushika kitu cha maabara zaidi ya funguo zake, akamwacha peke yake na bakuli. Mlinzi alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akaenda kwenye chai, akarudi. Gundi ikashika. Akampa mkutubi. Ikashika. Siku ya kumi na mbili ilipofika, Daktari alikuwa amelala vizuri usiku mmoja tu, lakini huo mmoja aliulala kweli.

* * *

Mstari wa manjano ulikuwa palepale. Safari hii nyuma yake walisimama watatu: Daktari, Bwana Soko, na Mama Birika aliyevaa kitambaa chake cha kutokea. Birika lilibaki chuoni. Mkaguzi alirudia kanuni: wa chuoni asiseme, asiashirie, asikohoe kwa maana. Alipofika hapo kwenye kukohoa alimtazama Bwana Soko.

Mchanganyaji mwingine wa kiwanda, dada mmoja mwenye mabega mapana na viziba masikio vikining'inia shingoni, alipewa karatasi. Akaisoma kimya mistari ya kwanza, akapima unga, akapima maji, akamimina, akakoroga. Akafika mstari wa tano. Akausoma, akarudia, akamgeukia msimamizi.

"Bosi, karatasi inasema tuondoke."

"Aondoke nani? Tia chokaa hiyo, twende! Nina oda ya milango, mashine imelala."

Daktari aliuma meno. Aliona mkono wa msimamizi ukielekea kwenye ndoo ya chokaa. Hatua nne tu. Angeweza kusema neno moja, *ngoja*, na neno hilo moja lingelifunga faili. Miaka sita, kikohozi cha kaka, rafu ya tatu, vyote vilikuwa sasa mikononi mwa maneno ambayo hakuyatunga yeye. Alimtazama Mama Birika. Mama Birika alikuwa ameangalia dari, ametulia kama mtu anayengoja maji yachemke.

"Bosi, imeandikwa hapa," dada alisema, akaanza kusoma kwa sauti. "'Funika bakuli. Ondoka hapo. Unga nao unywe kwanza, dakika thelathini na tano. Na wewe kanywe chai. Ukitaka kikombe cha pili, kunywa. Ukirudi mapema utapata gundi ya kubandikia bahasha.'"

Mtu mmoja nyuma alicheka. Msimamizi alikuwa ameshika mpini wa ndoo.

"Chai? Saa hizi? Nani kaandika upuuzi huu? Zaidi ya nusu saa mashine..."

"Kuna mstari mwingine, Bosi." Dada alikaza macho kwenye karatasi, akajikaza asicheke, akashindwa. "'Msimamizi atataka uharakishe. Mpe kikombe naye.'"

Kiwanda kizima kilipasuka kwa kicheko. Wenye nyundo walipiga meza, dada akajifunika uso kwa karatasi. Msimamizi alisimama na ndoo yake kama aliyekamatwa nayo gizani, akawatazama wote, na mwisho akaiweka chini.

"Haya," alisema. "Nileteeni hicho kikombe. Na kiwe na sukari."

Wakaondoka. Bakuli likabaki peke yake katikati ya meza, limefunikwa. Daktari hakuondoka. Alisimama nyuma ya mstari dakika zote thelathini na tano akilitazama, na hakumbuki kama alipepesa macho.

Mbao zilibanwa usiku kucha, kesho yake zikachemshwa kwa muda wa saa mbili kamili. Msimamizi alikitoa kipande cha kwanza kwa koleo, akakitikisa. Hakikuachia. Akakitikisa kwa hasira. Hakikuachia. Kikapelekwa kwenye mashine ya kuvunjia, mpini ukashushwa, na ubao ukapasuka kwa mlio mkali. Mkaguzi aliokota vipande akavipeleka dirishani. Ubao ndio uliovunjika. Pale palipopakwa gundi palikuwa pameshikana vilevile.

Tisa kati ya kumi vilivunjika hivyo. Kimoja kiliachia nusu. Mfuko ulikuwa unataka nane.

Daktari alijikuta ameushika mkono wa Mama Birika na kuubana kwa nguvu.

"Niachie, mwanangu, unaniumiza," Mama Birika alisema. "Wewe nawe sasa ni gundi?"

* * *

Mkaguzi alitandaza fomu kwenye meza ya ofisi ya msimamizi. Bwana Soko alikuwa ameshaijaza yote kwa kompyuta, hata saini yake alishaiweka. Palibaki pa Daktari tu. Mbele ya maneno *jina la mgunduzi* palikuwa na jina moja, la Daktari.

"Kwa udadisi wangu tu," Mkaguzi aliuliza, "ule mstari wa kumpa msimamizi kikombe, nani aliuandika?"

Daktari alikuwa ameshika kalamu. Akaiweka chini.

"Huyu mama hapa. Na ule wa unga kunywa maji ni wake pia, na huo ndio gundi yenyewe. Jina lake halimo humu. Nataka liingie."

Mkaguzi alivua miwani. "Fomu ikibadilika inarudi kamatini, Daktari. Wiki sita. Na mwaka wa fedha unakwisha baada ya wiki saba. Kamati ikichelewa kidogo tu, mnaingia foleni ya mwakani, na ya mwakani mimi siwezi kuisemea."

Bwana Soko aliinama sikioni mwa Daktari. "Saini sasa, Daktari, tafadhali. La mama tutaliongeza baadaye. Mfuko kwanza."

Daktari alihesabu wiki. Aliogopa, na hakuona haja ya kujidanganya kwamba haogopi. Wiki moja tu ya nafasi. Lakini *baadaye* aliijua. Baadaye ndiyo iliyokaa ukutani miaka sita ikageuka njano.

"Saini, mwanangu," Mama Birika alisema kwa sauti ya chini. "Mimi jina langu nalijua."

Daktari aligeuka. Alitaka kumjibu, kumtaja kwa jina lake la heshima mbele ya watu wale, na alipolitafuta kichwani hakulikuta. Palikuwa na birika tu.

"Mimi silijui, Mama," alisema. "Naona haya, lakini silijui. Jina lako kamili ni nani?"

Mama Birika alijinyoosha kitini, akalitaja: majina matatu, moja baada ya jingine, bila haraka. Daktari aliyaandika yote matatu kwa mkono wake juu ya jina lake mwenyewe, akamwomba ayakague kama hakukosea herufi. Ndipo akasaini.

"Hapa wanataka kiwango cha elimu," Mkaguzi alisema, kidole kwenye fomu.

"Andika miaka sita," alisema Daktari. "Maabarani. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, ila nilikuwa mtoro."

Mkaguzi alifikiri kidogo, akaandika.

Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake mkononi. "Mimi wiki sita hazinitishi," alisema. "Nimengojea unga unywe maji mbele ya wafanyakazi wangu wote, nitashindwa kungoja kamati? Mashudu ninayo, karatasi ninayo. Leteni mkataba hata kesho, mimi nachanganya. Pesa za Mfuko zikija zitatukuta kazini."

Bwana Soko alikwisha kutoa simu kumpigia mwanasheria. Daktari alicheka kwa mara ya kwanza katika siku kumi na tatu. Kaka yake angeipata gundi dukani, kwenye kopo lenye kibandiko.

Mama Birika yeye alikuwa ameichukua ile karatasi ya maelekezo, anaisoma toka juu, midomo ikicheza. Alipofika mwisho akatikisa kichwa.

"Hapa kwenye magadi, mmeandika yatiwe yote kwa pamoja."

"Ndiyo, Mama. Siku zote ni hivyo."

"Siku zote?" Mama Birika aliinua macho. "Kile kipande kilichoachia nusu, unadhani kiliachia kwa nini?"

"Kwa nini?"

Mama Birika aliangalia daftari la Daktari. Alikunja karatasi, akaiweka mapajani, akangoja.

Daktari alivuta kiti, akakaa mbele yake, akafungua daftari kwenye ukurasa mpya.

"Nakuuliza, Mama," alisema.